Je, meno yanaweza kutoa ushahidi wa umri?

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya umri wa mtu. Sizungumzii umri wa kusherehekea kwa keki na soda. Nazungumzia umri unaotafutwa na mahakama, na polisi, na wakati mwingine na ndugu wa marehemu. Swali ni jepesi kulitamka: mtu huyu ana miaka mingapi? Lakini jibu lake laweza kumpeleka mtu jela maisha, au likamfungulia mlango akaenda zake nyumbani.

Wazee wetu hawakusumbuliwa sana na swali hili. Ukimwuliza bibi alizaliwa lini, alikwambia mwaka wa njaa, au mwaka wa nzige, au mwaka ilipopita reli. Kijijini jibu hilo lilitosha, maana njaa hiyo kila mtu aliijua. Hakimu hawezi kuandika mwaka wa nzige katika hukumu yake. Sheria inataka tarakimu.

Hebu tuzitazame sheria zenyewe. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo gerezani. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 imepanga adhabu kwa ngazi. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Kwa hiyo mwaka mmoja tu katika umri wa binti ni miaka mingi katika maisha ya mshtakiwa. Na binti akionekana ni mtu mzima, shitaka lenyewe la kunajisi mtoto huanguka.

Kwa kazi yangu nimekaa miaka mingi kwenye mabenchi ya mahakama, daftari likiwa magotini. Nimewaona akina mama wakibanwa na wakili wataje mwaka na mwezi aliozaliwa binti yao, nao wakababaika. Si kwamba hawamjui mtoto wao. Wanajua alizaliwa wakati wa masika, kaka yake akiwa ndiyo kwanza ameanza shule. Ila kadi ya kliniki imeliwa na mchwa, na cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuchukuliwa. Hapo ndipo huagizwa binti apelekwe hospitali akapimwe umri, na mara nyingi mlango anaoelekezwa ni wa daktari wa meno.

Wengi wetu wa mjini hushangaa: meno na umri wapi na wapi? Wafugaji hawashangai. Nenda mnadani Pugu utamwona mnunuzi akimfunua ng'ombe mdomo kabla ya kuzungumza bei. Anajua kwamba jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota ng'ombe anapokuwa na miaka miwili hivi, na kwamba jozi zote nne hutimia kwenye miaka minne au mitano. Mwenye mali aweza kusema analotaka, mnunuzi anaangalia meno.

Kwa binadamu, habari hii ilianza kupewa uzito wa kisheria huko Uingereza, na ilianza kwa sababu ya watoto. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya viwanda iliyopiga marufuku kuwaajiri watoto wasiotimiza miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na kuwawekea waliozidi hapo kidogo kikomo cha saa 9 za kazi kwa siku. Sheria ilikuwa nzuri, lakini nani angejua mtoto ana miaka mingapi? Uandikishaji wa vizazi wa serikali ulianza huko mwezi Julai 1837. Mwenye kiwanda alitaka mikono ya bei rahisi, na mzazi maskini alitaka ule ujira mdogo wa mtoto. Wote wawili walikuwa na sababu ya kuongeza miaka. Tabibu aliyetakiwa kutoa hati alimtazama mtoto mwili na nguvu, akakisia.

Ndipo mwaka 1837 daktari wa meno aliyeitwa Edwin Saunders alipochapisha kijitabu akieleza kwamba meno ni kipimo bora cha umri kuliko kimo. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mtoto mwenye njaa hudumaa, na mtoto aliyeshiba hurefuka, lakini meno ya wote wawili hufuata ratiba inayokaribiana. Hoja hiyo haijapinduliwa mpaka leo. Uchunguzi mwingi uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba ukuaji wa meno huyumbishwa na lishe mbaya na maradhi, ila huyumba kidogo kuliko ukuaji wa mifupa.

Sasa tuingie mdomoni wenyewe. Jino halianzi siku linapochomoza kwenye ufizi. Linaanza kutengenezwa ndani ya taya muda mrefu kabla, kichwa kwanza, kisha shingo, kisha mzizi unashuka polepole kama mshumaa. Mwisho wa yote, tundu lililo kwenye ncha ya mzizi hufunga. Mtoto mchanga huota jino la kwanza akiwa na miezi sita hivi, na akifika miaka miwili na nusu au mitatu huwa ametimiza meno 20 ya utotoni. Kwenye miaka 6 huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna jino lililong'oka, ndiyo maana wazazi wengi hawalitambui. Kwenye miaka 12 huja gego la pili. Mizizi yake huchukua miaka mingine miwili, mitatu kukamilika. La mwisho ni gego la tatu, lile linalowasumbua vijana kwa maumivu, ambalo vitabu vingi vimelipangia miaka 17 hadi 21.

Kwa hiyo daktari anayepima umri ana njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu kwa macho meno yaliyochomoza. Ya pili ni kupiga picha ya eksirei na kuona yaliyomo ndani ya taya, kila jino limefika hatua gani. Njia ya pili ni bora zaidi, kwa sababu kuchomoza kunaweza kucheleweshwa na ufinyu wa nafasi au kuharakishwa na jino la utotoni kung'olewa mapema, lakini mzizi unaendelea na kazi yake taratibu. Mwaka 1973 wataalamu watatu, Demirjian, Goldstein na Tanner, walitoa utaratibu unaotumika sana duniani hadi sasa. Wanatazama meno saba ya upande wa kushoto wa taya la chini, kila jino linapewa hatua moja kati ya nane, kuanzia A mpaka H, kisha alama zinajumlishwa na kugeuzwa kuwa umri.

Kwa mtoto wa miaka mitano, saba au kumi, kazi hii huenda vizuri. Meno mengi yanakua kwa pamoja, kila moja likitoa ushahidi wake, na makisio mara nyingi hayakosei kwa zaidi ya mwaka mmoja hivi. Tatizo ni kwamba mahakama haigombani sana juu ya mtoto wa miaka saba. Mgogoro uko kati ya miaka 15 na 20, na huko ndiko meno yanakoishiwa maneno. Mizizi ya meno mengine yote imeshafunga, limebaki gego la mwisho peke yake, nalo ndilo jino lisilo na nidhamu kuliko yote. Kwa wengine huota mapema, kwa wengine huchelewa, na takribani mtu mmoja kati ya watano duniani hukosa walau moja ya magego hayo maisha yake yote. Kosa la kawaida la makisio hapa ni miaka miwili hivi kila upande, na mtaalamu akitaka kuwa na uhakika wa asilimia 95, inambidi apanue nafasi hiyo hadi karibu miaka minne kila upande. Yaani kijana anayekadiriwa kuwa na miaka 18 anaweza kuwa na 15, na anaweza kuwa na 21.

Lipo jambo la pili linalotuhusu sisi zaidi. Majedwali mengi yanayotumika yalitengenezwa kutokana na watoto wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Utaratibu wa mwaka 1973 niliousema ulijengwa juu ya watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa. Sasa, meno ya ukubwani ya watoto wa Kiafrika kwa kawaida huota mapema kuliko ya Wazungu. Uganda walipimwa watoto 622 na matokeo yakachapishwa mwaka 1971. Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba magego ya mwisho ya Waafrika huwatangulia Waasia wa nchi hiyohiyo kwa miaka miwili hadi mitatu. Tanzania nayo ina takwimu zake za kuota kwa meno zilizochapishwa mwaka 2002. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba daktari akimpima kijana wetu kwa jedwali la Ulaya, atamwongezea umri. Wa miaka 16 ataonekana ana 18.

Yapo na mengine ya hapa hapa nyumbani. Katika baadhi ya mikoa yetu imekuwepo imani ya meno ya plastiki, ambapo mtoto mchanga anayeharisha au kupata homa hung'olewa vichipukizi vya chonge kwa kudhaniwa ndivyo vinavyomwua. Mbali na hatari kwa maisha yake, chonge zake za ukubwani huweza kuota zimeharibika au zisiote kabisa. Wamasai kwa desturi wamekuwa wakiondoa meno ya mbele ya chini. Daktari anayehesabu meno bila kuuliza historia ya mtu ataingia shimoni. Vilevile meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro si dalili ya uzee, bali ya floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni.

Na watu wazima je? Kwao hakuna tena kukua, kuna kuchakaa. Mwaka 1950 mtaalamu wa Sweden, Gösta Gustafson, alitaja mabadiliko sita: jino kusagika, ufizi na mfupa kushuka, moyo wa jino kujaa kwa ndani, tabaka la nje la mzizi kunenepa, mzizi kulika, na ncha ya mzizi kuwa angavu kama kioo. Kila badiliko lilipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla unaizidisha kwa 4.56, unaongeza 11.43, unapata umri. Jino lenye alama 6 lingekuwa la mtu wa miaka 39 hivi. Hesabu hizo zilikuja kukosolewa na wataalamu waliofuata, kwamba kosa lake ni kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe, lakini mabadiliko yale sita bado yanatazamwa. Tatizo jingine ni kwamba lazima jino likatwe vipande, kwa hiyo njia hii hutumika zaidi kwa marehemu.

Njia mpya zaidi ilitokana na jambo la kutisha. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio. Milipuko hiyo iliongeza sana aina ya kaboni yenye mionzi, kaboni 14. Baada ya mkataba wa mwaka 1963 wa kuzuia majaribio ya hewani, kiwango kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea ilivuta kaboni hiyo, sisi tukala mimea, na sehemu ngumu ya nje ya jino, enameli, ikaihifadhi. Enameli ikishatengenezwa utotoni haibadilishwi tena. Basi mwaka 2005 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba kwa kupima kaboni hiyo wanaweza kukisia mwaka wa kuzaliwa kwa kosa la wastani wa mwaka 1.6 tu. Ila mashine yake ni ghali, na jino lenyewe huharibiwa.

Mtu aweza kuuliza, marehemu umri wake wa nini? Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwa miongoni mwao. Katika msiba wa namna hiyo vipimo vya vinasaba hueleza mwili huu ni wa ukoo gani. Lakini tuseme familia moja imepoteza wana wawili. Vinasaba vya wazazi vitaonyesha kwamba mifupa hii ni ya mtoto wao, bila kusema ni yupi. Jino likionyesha umri wa miaka 6 au wa miaka 12, wazazi watajua wanamzika nani.

Turudi kwa walio hai. Ulaya nako ugomvi upo. Januari 2024 Uingereza ilianza kutumia kanuni zinazoruhusu eksirei ya magego ya mwisho kwa vijana wanaoomba hifadhi na ambao umri wao unatiliwa shaka. Chama cha madaktari wa meno cha huko kilipinga, kikisema kipimo si sahihi kiasi cha kutosha na si haki kumpiga mtu mionzi bila faida kwa afya yake. Hata kwenye mpira wa miguu, ambako sisi tuna kovu letu la mwaka 2005 pale timu ya Serengeti Boys ilipoondolewa kwa suala la umri, FIFA ilichagua tangu mwaka 2009 kutazama mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine isiyotumia mionzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Daktari mwaminifu hataandika kwamba huyu ana miaka 17. Ataandika kwamba ana kati ya miaka 16 na 20. Hiyo ndiyo kweli ya kitaalamu. Lakini tazama kweli hiyo inavyofanya kazi mahakamani. Ikiwa mwenye umri wa mashaka ni kijana aliyeshitakiwa, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imeshaeleza katika maoni yake ya mwaka 2019 kwamba shaka imfaidie, ahesabiwe mtoto. Vema. Lakini ikiwa mwenye umri wa mashaka ni binti aliyenajisiwa, mambo hugeuka. Upande wa mashitaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, na shaka humfaidia mshtakiwa. Karatasi ileile, yenye tarakimu zilezile, humlinda mtoto mmoja na kumwacha mwingine mikono mitupu. Na ukiongeza jedwali la Ulaya linaloongeza miaka, binti wa miaka 16 anatoka mahakamani akiambiwa ni mtu mzima.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kipimo cha meno kimalize ubishi. Mahakama ya Rufani ya Uganda, katika rufaa ya jinai namba 2 ya mwaka 2000, ilisema ushahidi wa kitabibu una uzito wa juu, lakini ikaongeza kwamba umri waweza pia kuthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, kwa maneno ya wazazi au walezi, na kwa kutazama na kutumia akili ya kawaida. Naona huo ni mwongozo wa busara. Mama asiyejua tarehe lakini anakumbuka masika yale na mwaka kaka mtu alipoanza shule, ameleta ushahidi. Rejesta ya shule ni ushahidi. Jino nalo liketi kwenye benchi hilohilo pamoja na mashahidi wenzake.

Na pale meno yanapotumika, wakili, mzazi na hakimu wana haki ya kumwuliza daktari maswali matatu: Umepiga picha au umehesabu kwa macho? Jedwali ulilotumia lilitokana na watoto wa wapi? Na umri wa chini kabisa unaowezekana ni upi, na wa juu kabisa ni upi?

Lakini dawa kubwa iko mbali na kiti cha daktari wa meno. Mwaka 2013 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo, na mpango huo ukaenea mikoa mingine. Mzazi mwenye mtoto mchanga asingoje mpaka siku ya kuandikisha shule. Aichukue karatasi ile, aiweke kwenye mfuko wa nailoni, mbali na mchwa na mvua, pamoja na kadi ya kliniki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama mbuzi na magunia ya mahindi yanastahili daftari, mtoto anastahili zaidi.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.